Kete Moja ya Bibi: Shanga, Hongo na Njaa katika Ugogo

Ukitaja shanga mbele ya vijana wa Dar, lazima mmoja acheke pembeni. Kwao shanga ni za kiunoni, mambo ya chumbani, basi. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka juzi, nilipokwenda kukaa wiki tatu kwa bibi yangu mzaa mama, kijijini upande wa Mvumi, kusini-mashariki ya Dodoma mjini. Nilikwenda kumwuguza baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, la pili lilikuwa linasubiri zamu yake. Kando ya kitanda kulikuwa na mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko ushanga wa shingoni, ule mpana kama sahani wanaouvaa akina mama wakipiga muheme. Ulikuwa umefika nusu. Mwenyewe ni mama yangu mdogo, anapiga ngoma kwenye kikundi cha kijiji, na harusi ya kuchezea ilikuwa imekaribia.

“Mke mwenzangu,” Bibi akaniita, maana ndivyo bibi na mjukuu wa kike tunavyotaniana kwetu, “macho yangu yamekwenda likizo. Lete yako.”

Nikajua ni kazi ya mchana mmoja. Mimi nimesoma, nina macho, nina vidole. Kumbe! Ushanga wa namna hii unatungwa kwenye waya, duara juu ya duara, na maduara yanashikwa pamoja na vipande vyembamba vilivyotobolewa matundu. Zamani vipande hivyo vilikuwa vya ngozi. Bibi anakata dumu la mafuta ya kula, anatoboa kwa msumari uliopashwa moto. Kila duara la nje lazima liwe na shanga nyingi kuliko la ndani, na hesabu hiyo haijaandikwa popote. Nilitunga maduara mawili nikayapenda mwenyewe. Kufika la tatu, ushanga wote ukaanza kukunja mdomo kama bakuli. Bibi hakuangalia. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akasema neno moja: “Fumua.”

Nilifumua siku ile mara nne. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna aliyeniambia kwamba nitainama mpaka shingo ife ganzi. Ndipo nikaanza kumwuliza maswali, kwa kweli ili nipumzike. Aliyoyajibu ndiyo yaliyonipeleka vitabuni niliporudi mjini, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Nianze mbali kidogo. Uwanda huu wa kati, ambao wengi tunauita nchi kame isiyo na historia mpaka serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ni mojawapo ya mahali ambapo wanadamu wamekuwa wakijipamba kwa muda mrefu ajabu. Kule Kondoa, katika pango la mwambani linaloitwa Kisese II, lililochimbwa na Mary Leakey mwaka 1951 na Ray Inskeep mwaka 1956, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2018 vinaonyesha kwamba shanga za mwanzo pale zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mtu alikaa chini ya mwamba, akavunja ganda, akalitoboa, akalisugua mpaka likawa duara. Sina shaka aliharibu mengi. Nilipomweleza Bibi, aliuliza kitu ambacho hakikunijia mimi: “Na uzi wake?” Uzi, nikamwambia, ulioza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa jirani.

Shanga za kioo zilikuja baadaye sana, kutoka pwani. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo, na haikuwa na pa kukwepea kwa urahisi. Angalia majina yenyewe: upande wa mashariki kulikuwa na nyika ya Marenga Mkali, maji makali; upande wa magharibi Mgunda Mkali, shamba kali. Katikati ya ukali huo wa pande mbili walikaa Wagogo, wenye visima, wenye mtama na uwele, wenye ng'ombe. Msafara wa mamia ya wapagazi uliofika pale ukiwa na kiu ulikuwa hauna ujanja. Ulilipa hongo kwa mtemi wa kila eneo, ndipo upite.

Wasafiri wa Kizungu walilalamika kuhusu hongo ya Ugogo mpaka wino ukawakaukia. Richard Burton, aliyepita mwaka 1857 pamoja na Speke, alilalamika. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alilalamika zaidi. Ukiwasoma wao peke yao utadhani Ugogo yote ilikuwa genge la wanyang'anyi. Nilimsimulia Bibi malalamiko hayo wakati tunatunga, naye akauliza, “Kwani walikunywa maji ya nani?” Katika nchi ambayo kisima kinachimbwa kwa mikono na kinaweza kukauka kabla ya masika, swali hilo ni zito. Watu mia tano wakinywa kisimani kwako na kuondoka, ng'ombe wako watakunywa nini kesho?

Hongo yenyewe ililipwa zaidi kwa nguo, merikani na kaniki, na shanga zikaongezwa. Lakini chakula cha kila siku, kibaba cha mtama, kuku, maziwa, kilinunuliwa pia kwa shanga. Zilikuwa chenji. Na chenji hiyo ilikuwa na vipimo vyake. Uzi mmoja wa shanga wa urefu unaojulikana uliitwa kete. Kete kumi zilifungwa pamoja zikawa fundo. Leo neno kete mtaani limechukuliwa na mambo mengine, ya polisi na madawa, na wazee wanalijua kwenye bao. Ila Bibi bado anasema “kete moja” akimaanisha uzi wa shanga, bila kujua kwamba anatumia kipimo cha fedha cha miaka mia na hamsini iliyopita.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha. Tumezoea kusimuliwa kwamba wafanyabiashara walikuja na vioo vya bei poa, wakawadanganya watu wasiojua kitu. Sasa soma hesabu za wafanyabiashara wenyewe uone nani alikuwa anahangaika. Burton alisema aina za shanga zilikuwa kama 400, na ole wake aliyefika bara na aina isiyotakiwa. Stanley, akiwa bado Unguja, alipata taabu kubwa kujua achukue rangi gani: shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo lakini makabila mengine yalizikataa, nyeupe zilipita mahali fulani zikadharauliwa pengine. Ukikosea, umebeba magunia ya changarawe kutoka pwani. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake Domesticating the World cha mwaka 2008, ameonyesha kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yaliwalazimisha watengenezaji wa ng'ambo kubadilisha bidhaa zao. Yaani mafundi wa kioo wa Venice walikuwa wanafuata, bila kumjua, mwanamke wa Ugogo aliyesema “hizi sizitaki”.

Aina iliyopendwa mno iliitwa samesame, shanga nyekundu za marijani, wekundu ukiwa umepakwa juu ya kioo cheupe. Zilikuwa na majina ya utani ya Kiswahili yenye maana ya kimaliza chakula na kivunja mji, kwa kuwa mwanaume angeacha mlo wake ili azipate, na mwanamke angemfilisi mumewe. Nilipolisoma hilo nilisimamisha kitabu. Nyekundu nje, nyeupe ndani. Nilikuwa nimeziona.

Turudi kijijini. Katika wiki ya pili, nilipokuwa nimefika duara la saba na Bibi ameacha kusema “fumua” kila saa, alinituma nilete kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati. Ndani, chini ya vifungo na sindano, kulikuwa na kete moja ya shanga nyekundu. Ndogo, hazilingani, zimechakaa. Moja ilikuwa imevunjika, na ndani ya ule wekundu paliweka weupe kama punje ya mchele.

Kete hiyo aliachiwa na bibi yake, ambaye alikuwa mama mwenye watoto wadogo wakati wa Mtunya.

Mtu wa Dodoma ukimtajia Mtunya huhitaji kueleza. Wengine niwaeleze kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilifika Ugogo kwa njia ya matumbo. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka kulisha askari wao. Waingereza, walioingia Dodoma mwaka 1916, nao wakachukua, na wanaume wakapelekwa kubeba mizigo ya jeshi. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, iliua watu kwa maelfu, na homa kubwa ya mafua ikawakuta waliobaki wamedhoofu. Jina Mtunya hufasiriwa kuwa kinyang'anyiro. Mathias Mnyampala, mshairi wetu wa Dodoma, alizaliwa mwaka huo huo wa 1917; aliyekuja kuandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kilichotoka mwaka 1954, alianza maisha pamoja na njaa hiyo.

Kwa nini shanga wakati wa njaa? Kwa sababu zilikuwa ndiyo akiba iliyobaki. Wajerumani walikuwa wameshaivunja nguvu ya hongo, na mwishoni mwa miaka ya 1890 walianza kudai kodi ya nyumba. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita Dodoma ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafara haukuhitaji tena kisima chako. Ulipita juu yako ukipiga honi. Mkononi sasa ilitakiwa rupia. Shanga zikaacha kuwa chenji, zikabaki shingoni na kiunoni mwa wanawake. Lakini fedha ya jana haisahauliki mara moja. Penye shida kubwa, mtu mwenye mtama bado aliweza kushawishika na kete nzuri ya samesame kwa ajili ya binti yake.

Bibi anasimulia alivyosimuliwa: mama yule alikuwa na mafundo matatu. Kete thelathini. Alitembea na watoto kuelekea upande wa Usagara, na kila walipopata mtu mwenye chakula alifungua kete moja. Kibaba cha mtama, kete moja. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Kwake kibaba kilimaliza haba zake zote. Aliondoka na watoto wanne na kete thelathini. Alirudi na watoto wawili na kete moja.

Nilipomaliza kusikiliza nilikuwa nimeishika ile kete kwa mikono miwili kama yai. Nikamwambia Bibi kwamba kitu hiki hakifai kukaa kwenye kopo. Tukitengenezee fremu ya kioo. Tukipige picha. Pengine hata makumbusho watakitaka, maana Makumbusho ya Kijiji pale Dar wana nyumba ya tembe ya Kigogo, kwa nini wasiwe na kete ya Mtunya? Uzi huu huu, nikasema, aliushika mama yule akitembea kwenda Usagara.

Bibi akacheka mpaka akashika jicho lake lenye bandeji. “Uzi gani? Uzi huo ni mshipi wa kuvulia samaki. Niliubadilisha mwenyewe, mwaka wa Operesheni.”

Operesheni Dodoma, 1970 na 1971: watu wa mkoa mzima walipohamishwa kutoka kwenye kaya zao zilizotawanyika na kuwekwa katika vijiji vya ujamaa. Bibi alikuwa hajafika miaka thelathini. Tembe la ukoo liliachwa na paa lake la udongo. Katika pilikapilika za kupakia vyombo, kete ilikatika, na shanga zikamwagika uani, mbuzi wakizikanyaga. Alipiga magoti akaokota. Uzi uliokatika haukuwa wa zamani pia, ulikuwa wa pamba, wa dukani, alioutia mama yake. Kabla ya huo ulikuwepo mwingine, na wa kwanza kabisa, Bibi anaamini, ulikuwa wa mshipa wa ng'ombe, kama ilivyokuwa desturi. Hakuna mwanamke katika ukoo wetu aliyerithi kete ile na kuiacha kama alivyoipokea. Kila mmoja aliifumua.

Nimelifikiria sana hilo. Sisi tunaopenda vitabu tuna ugonjwa wa kutafuta asili: nakala ya kwanza, mswada wa mkono wa mtunzi mwenyewe. Nilitaka kete iwe mswada. Kiswahili chenyewe kingepaswa kunikumbusha, maana tunatunga shanga na tunatunga shairi kwa kitenzi kimoja, na wote tunajua shairi la kughaniwa linavyoishi: kila anayelighani analifungua na kulifunga upya mdomoni mwake. Kilichorithiwa katika familia yetu ni shanga hizi chache, hilo ni kweli. Lakini shanga bila uzi ni changarawe. Kilichorithiwa zaidi ni mkono unaojua kuzirudisha.

Na mkono huo ulikaribia kukatika mara kadhaa, si kwa njaa tu. Bibi alipokuwa binti, mwalimu mmoja aliwaambia kwamba msichana wa shule havai shanga, huo ni ushenzi. Alizivua njiani asubuhi na kuzivaa jioni akikaribia nyumbani. Miaka michache baada ya uhuru serikali nayo ilikuwa na mawazo yanayofanana. Mwaka 1968 ilifanyika kampeni kule Umasaini ya kuwalazimisha watu waache mavazi yao na mapambo yao wavae “kistaarabu”. Lakini taifa lile lile lilikuwa linataka utamaduni jukwaani. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, aliitwa Dar es Salaam katika enzi za Nyerere, akawa fahari ya nchi, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na mavazi ya Kigogo mpaka alipofariki mwaka 2003. Kwa hiyo shanga zilikuwa aibu njiani na fahari jukwaani. Bibi hana kinyongo. Anasema jukwaa lilimsaidia, kwa sababu vikundi vya ngoma vikaanza kuagiza.

Niliwahi pia kumwuliza kuhusu maana ya rangi. Mtandaoni utakuta orodha zimepangwa vizuri: nyekundu ni damu, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu. Nilisoma moja kwa sauti. Akaniuliza nani kaandika. Halafu akasema yeye nyeupe ameweka kwa sababu ndizo zilizokuwepo soko la Majengo siku ile. Nikadhani amemaliza, lakini hapana. “Ila usiweke bluu jirani na nyeusi,” akasema. “Zinalala. Mtu akiwa mbali uwanjani haoni kitu.” Kanuni ipo, basi, na ni kali, ila inahusu jicho la mtazamaji upande wa pili wa uwanja wa ngoma. Sikumsikia akiongelea damu wala mbingu. Na ni kanuni hiyo hiyo, nadhani, iliyowasumbua akina Stanley: watu waliojua wanachotaka kuona.

Siku tatu kabla ya harusi, ushanga wa mama mdogo ulibakiza duara la mwisho. Nikaanza kuhesabu shanga nyekundu za plastiki. Bibi akasema, “Hizo zimepungua. Chukua zile za kopo.”

Nilikataa. Nilikataa kwa heshima, halafu nikakataa bila heshima. Nikamwambia zitapotea, mama mdogo anaruka kama mbuzi akipiga muheme, waya utakatika. Bibi akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba bibi yake hakuitunza kete moja ili ikae gizani. Aliitunza ili binti wa binti yake acheze. “Zikimwagika, mtaokota. Sisi tuliokota.”

Nikakata mshipi kwa mkasi. Zilikuwa shanga 83, pamoja na ile iliyovunjika, ambayo haikupita kwenye waya. Nilizitunga ukingoni, zile za kioo zikipishana na za plastiki kwa kuwa hazikutosha duara zima. Nilipomaliza nilimpa. Alipitisha kidole gumba pole pole, akizunguka. Alipofika kwenye kioo kidole kilisimama, akaendelea. Ukingo haukukunja. Hakusema vizuri, wala hakusema fumua.

Harusini mama mdogo alipiga ngoma, ushanga ukimruka mabegani, na kwenye vumbi la Chamwino ule wekundu ulionekana mpaka kwenye mahema ya wageni. Jioni waya ulilegea mahali pamoja. Zilianguka shanga tatu za kioo. Mimi na watoto tulitafuta kwa tochi ya simu mpaka saa tatu usiku, tukapata mbili.